Jora, Shanga na Barua: Maisha ya Kale Kando ya Ziwa Katika Rumonge

Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Bururi, ufuko wa Rumonge umekwisha kujaa watu. Wavuvi wanakung'uta nyavu zao, kinamama wanaanika ndagala, na pembeni mafuta mekundu ya mawese yanamiminwa kutoka chombo hiki kuingia chombo kile. Mgeni apitaye huona biashara ya siku hiyo tu. Lakini mwenye kuijua historia ya ufuko huu huona jambo jingine: kwamba kazi hizi tatu, yaani samaki, mafuta na usafiri wa majini, zilikuwapo hapa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, na kwamba vyombo vilivyotumika kuzifanya vinaweza kutueleza namna babu na bibi zetu walivyoishi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wafanyabiashara huutumia kuwaonya wasiopenda kuandika hesabu. Lakini unafaa pia kwa historia ya ufuko wa Burundi katika karne ya kumi na tisa. Wageni waliopita hapa walikuja na madaftari, nao habari zao zikabaki. Wenyeji waliokuwa na mitumbwi, vyungu na mashamba hawakuwa na daftari. Habari zao zikabaki katika vitu walivyovishika kwa mikono. Anayetaka kuijua kweli yote hana budi kuzisoma karatasi na vitu pamoja.

MTUMBWI NA KASIA

Kitu cha kwanza ni mtumbwi. Katika zama hizo hapakuwa na barabara kando ya ziwa. Aliyetaka kutoka Ujiji kwenda Rumonge, au kutoka Rumonge kwenda Uvira, alipanda mtumbwi. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa gogo moja la mti wa mvule, na mivule iliyosifiwa kuliko yote ilitoka Ugoma, katika milima ya ng'ambo ya magharibi. Gogo lilikatwa, likachimbwa ndani kwa tezo na moto, kisha likashushwa majini. Kwa hiyo mtumbwi uliofungwa katika ufuko wa Burundi huenda ulizaliwa upande wa pili wa ziwa, ukavushwa na kuuzwa. Hata wakati huo, ziwa lilikuwa njia ya kuwaunganisha watu, wala halikuwa ukuta.

Mwezi Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda mitumbwi ya kukodi kutoka Ujiji wakaelekea kaskazini hadi Uvira. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Hawakufika mdomoni mwa mto huo. Waliambiwa tu na wenyeji kwamba maji yake yanaingia ziwani. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwezi Novemba 1871, Daktari David Livingstone na Henry Morton Stanley nao walitoka Ujiji kwa mtumbwi wa mvule, wakipigiwa makasia na Wajiji. Walikwenda wakiambaa ufuko huu wa mashariki, wakilala katika vijiji, wakinunua chakula, na mahali pengine wakidaiwa hongo ya nguo kabla ya kuruhusiwa kupita. Tarehe 25 Novemba walifika Mugere, ambako leo jiwe kubwa lenye maandishi linaonyesha kituo chao, yapata kilometa kumi na mbili kusini mwa Bujumbura. Siku chache baadaye waliuona mto Ruzizi kwa macho yao, ukiingia ziwani kama wenyeji walivyosema tangu mwanzo.

Jiwe la Mugere lina majina ya wageni wawili. Majina ya wapiga makasia hayamo. Hata hivyo, ni hao waliojua upepo wa jioni unavumia wapi, rasi ipi ina mawimbi mabaya, na kijiji gani kina uhasama na jirani yake. Askari yeyote aliyewahi kuongozwa usiku na mwenyeji wa mahali anaelewa thamani ya ujuzi wa namna hiyo.

CHUNGU, KIBUYU NA MAWESE

Tukitoka majini tukaingia nyumbani, tunakutana na chungu. Katika Burundi kazi ya kufinyanga ilijulikana sana kuwa kazi ya Batwa. Walichimba udongo wa bondeni, wakaukanda, wakaujenga kwa mikono bila gurudumu, kisha wakauchoma kwa nyasi na kuni. Chungu kimoja kilikuwa cha kupikia maharage, kingine cha maji, kingine cha pombe. Katika ukanda wa Imbo, yaani tambarare ya kando ya ziwa, chungu kilikuwa pia chombo cha kuwekea mawese.

Mchikichi ni mti wa nyumba hapa. Chikichi zilichemshwa, zikatwangwa, mafuta yakaenguliwa juu ya maji. Mafuta hayo yalipikiwa chakula, yakapakwa mwilini, na yale yaliyozidi yakaingia katika biashara ya ziwa pamoja na samaki na nafaka. Kutoka kusini mashariki ilikuja chumvi ya Uvinza, iliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi karibu na mto Malagarasi. Mke wa nyumba wa Rumonge wa zama hizo aliweza kuunga mboga kwa mafuta ya shamba lake na kwa chumvi iliyosafiri safari ndefu. Jiko lake lilikuwa dogo, lakini lilifungamana na nchi za mbali.

Tusilisahau jembe la chuma. Kabla ya majembe ya viwandani, wahunzi walifua chuma kwa mivukuto, na jembe likawa na thamani kubwa hata likahesabiwa katika mahari. Wala tusikisahau kibuyu, ambacho kilikuwa kata, chupa na mtungi wa maziwa kwa wakati mmoja. Vitu hivi havikuandikwa katika hesabu za misafara kwa kuwa havikuja na misafara. Ndiyo sababu ni vyepesi kusahauliwa.

NGUO NA SHANGA

Vitu vilivyoandikwa sana ni nguo na shanga, kwa maana hizo ndizo zilizokuwa fedha. Kabla ya pamba kuenea, watu wa Burundi walivaa nguo za magome ya miti zilizopondwa hata zikawa laini, na ngozi za wanyama. Kisha kutoka pwani ikaja merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi. Jina lake linasema ilikotoka: Marekani, hasa viwanda vya jimbo la Massachusetts. Pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo nyeusi ya nili kutoka Bara Hindi. Mpagazi aliibeba mabegani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa zaidi ya miezi mitatu.

Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka moja. Mikono minane ilikuwa doti moja. Kitambaa kizima, kabla hakijakatwa, kiliitwa jora. Ni rahisi kuona kwa nini mnunuzi alimpenda mpimaji mwenye mikono mirefu, na mwuzaji akampenda mwenye mikono mifupi. Maneno haya yangali hai. Mama anayenunua doti ya khanga leo anatumia kipimo cha misafara, ingawa vipande viwili vya khanga havipimwi tena kwa kiwiko.

Kwa manunuzi madogo, nguo ilikuwa fedha kubwa mno. Hapo zilitumika shanga za kioo, nyingi zikitengenezwa Venice katika Italia. Shanga zilitungwa katika nyuzi. Uzi mmoja uliitwa kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Kila mahali palikuwa na shanga zake. Aliyekwenda na rangi isiyopendwa alikuwa sawa na mtu aliyekwenda sokoni na noti za nchi nyingine. Katika Ujiji zilipendwa sofi, shanga ndefu zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, aliandika kwamba asubuhi walikuja sokoni watu wenye mifuko ya sofi. Wanunuzi walibadilisha shanga zao nyingine wakapata sofi. Soko lilipofungwa, wauzaji walizirudisha sofi kwa watu wale wale, nao wakapata faida mara mbili. Hao walikuwa wabadilishaji wa fedha, tena kabla rupia ya Kijerumani haijaonekana katika ziwa hili.

KARATASI ZA ZAMA HIZO

Karatasi ilikuwa kitu adimu. Waliokuwa nayo zaidi ni wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani, ambao waliandika Kiarabu na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kalamu ilikuwa ya utete uliochongwa. Wino ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti. Barua ilianza kwa salamu ndefu, ikamwombea afya mpokeaji, ndipo ikaingia katika maneno yenyewe: pembe kadhaa zimepelekwa, nguo hazijafika, fulani anadaiwa. Baadhi ya barua za namna hiyo, zilizoandikwa na wafanyabiashara wa upande wa Kongo katika miaka ya 1880 na 1890, zimehifadhiwa katika nyaraka za Ubelgiji hadi leo.

Nyuma ya barua palikuwa na hati ya deni. Misafara mingi ilitembea kwa mali ya kukopa kutoka kwa matajiri wa Unguja, kama Mhindi Taria Topan. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo kumi na sita. Tippu Tip, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na msomaji wa kitabu chake hukutana mara kwa mara na hesabu za pembe, bidhaa na madeni. Mshirika wake aliyekaa Ujiji, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyeitwa Rumaliza, ndiye aliyejaribu katika miaka ya 1880 kuuweka ufuko wa kaskazini chini ya amri yake. Alipotaka kupanda milima na kuingia Burundi ya ndani, wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo walimrudisha.

Palikuwa na karatasi nyingine zisizohusu biashara. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliwafundisha watoto kwa ubao wa mti, wakaandika, wakafuta, wakaandika tena. Karatasi ndogo yenye aya ilikunjwa, ikashonwa katika ngozi, ikawa hirizi ya mtoto au ya msafiri.

Na mgeni naye alipungukiwa. Mwaka 1871 Livingstone alipokuwa Nyangwe, magharibi ya ziwa, alikwisha madaftari na wino. Akachukua gazeti la zamani la Uingereza, akageuza upande, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa kwa wino wa mmea. Humo aliandika habari za mauaji ya watu sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871. Wino ule ulififia hata haukusomeka, mpaka wataalamu walipopiga picha karatasi zile kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyatangaza maandishi yake mwaka 2011. Karatasi iliyoonekana kuwa takataka ilitunza ushahidi wa damu kwa miaka mia moja na arobaini.

BEI YA MTOTO

Hapa ndipo hadithi ya vitu vya nyumbani inapokuwa nzito. Doti ile ile iliyonunua mtungi wa mawese, na kete ile ile iliyonunua samaki, ilinunua pia binadamu. Biashara ya watumwa ilipita katika ziwa hili, na watu waliotekwa walivushwa kwa mitumbwi ile ile iliyobeba chumvi na nafaka. Mfungwa hakuandika barua. Katika karatasi za wenye mali alikuwa tarakimu tu.

Rumonge ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walifungua kituo hapa, cha kwanza katika nchi ya Burundi. Wamisionari hao, kama ilivyokuwa desturi yao katika ziwa zama hizo, walikomboa watoto watumwa kwa kuwanunua kwa bidhaa, wakawalea kituoni. Tarehe 4 Mei 1881 vita vilizuka kati ya kituo na majirani zao Wabikari. Mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, Mbelgiji aliyekuwa zamani askari, waliuawa. Kituo kikaachwa. Kwa mujibu wa maandishi ya wamisionari, ugomvi ulihusu mtoto mmoja aliyedaiwa na pande mbili.

Majina ya watu watatu waliouawa yamechapwa katika vitabu. Jina la mtoto halijulikani na wengi. Upande wa Wabikari haukuandikwa na Wabikari wenyewe. Walimwonaje mtoto yule: kuwa wao, kuwa mali, au kuwa mtu aliyechukuliwa kwa hila? Karatasi zilizobaki ni za upande mmoja, na hakimu mwenye haki hakati shauri kwa shahidi mmoja. Polisi wanajua jambo hili kuliko watu wengine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu bila daftari hupotea vivyo hivyo.

UFUKO ULIOHAMA

Jambo moja zaidi yafaa lijulikane na kila anayelima au kuchimba karibu na ziwa. Ufuko wa mwaka 1871 haukuwa mahali ulipo leo. Katika miaka hiyo mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa upande wa magharibi, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Maji yakapanda. Mnamo mwaka 1878 mto ulizibua njia yake, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita kumi. Hivyo bandari ya mitumbwi ya zama za Livingstone yaweza kuwa leo chini ya mihogo au michikichi, mbali na maji.

Na ziwa halijaacha kutembea. Mwaka 2024 maji yalipanda tena, yakaingia katika nyumba za watu wa kandokando, na Rumonge haikusalimika. Familia ziliokoa watoto, magodoro na sufuria, kama ilivyopasa. Lakini sanduku la bibi lililokuwa chini ya kitanda, lenye barua za zamani na ushanga wa harusi, ni nani aliyelikumbuka?

KATIKA NYUMBA YA ASKARI

Familia za askari na polisi zina adui mwingine, naye ni uhamisho. Leo kambi hii, kesho kambi ile. Na kila safari kitu kimoja huachwa. Kwa hiyo ushauri ufuatao ni wa nyumba zote, lakini hasa za watumishi wa ulinzi na usalama.

Kwanza, andika. Askari hapokei kifaa bila kutia sahihi katika rejista. Basi vitu vya ukoo navyo vipewe rejista yao. Katika daftari la kawaida andika: kitu hiki ni nini, kilikuwa cha nani, kilitoka kijiji gani, na nani aliyesema hayo. Muulize bibi angali hai. Chungu kisicho na habari ni chungu tu. Chungu chenye habari ni shahidi.

Pili, karatasi za zamani zisitiwe gundi wala zisifungwe kwa plastiki ya kubandika. Zisianikwe juani, maana jua hula wino. Zikaushwe kivulini, zilazwe bila kukunjwa ndani ya bahasha safi, kisha ziwekwe katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya sakafu. Zipigwe picha kwa simu, na picha zipelekwe kwa ndugu wawili au watatu, ili moja ikipotea nyingine ibaki. Karatasi yenye herufi za Kiarabu isidhaniwe yote kuwa dua. Huenda ni barua ya biashara au hati ya shamba. Apelekewe anayejua kuisoma.

Tatu, vitu vya chuma na shaba visisuguliwe kwa mchanga ili ving'ae. Mng'aro huo hula alama za mhunzi. Shanga za kale zisitunguliwe na kuchanganywa na mpya. Anayeokota shanga, kigae au sarafu ya rupia au heller anapolima shamba au kuchimba handaki, na apaandike mahali alipokiokota, kwa maana mahali ni nusu ya habari. Asiviuze kwa mpita njia. Jumba la Makumbusho la Taifa la Gitega, lililofunguliwa mwaka 1955, linahifadhi vitu vya maisha ya Warundi wa kale, na mzazi anayewapeleka watoto huko huwapa somo lisilopatikana katika vitabu.

Nne, waelezeni watoto habari yote, ya fahari na ya aibu. Mwambieni mtoto kwamba doti ilikuwa vazi la bibi arusi, na kwamba ilikuwa pia bei ya mtoto mwenziwe. Mtoto asiyejua kwamba mtu aliwahi kuwekewa bei hataona ajabu mtu akiwekewa bei tena.

Jioni ikiingia Rumonge, taa za wavuvi huwaka majini kama mji wa pili. Zamani zilikuwa mienge ya majani makavu iliyowashwa mbele ya mtumbwi, na samaki walifuata mwanga kama wafuatavyo leo. Wavuvi waliobeba mienge ile hawakuacha kitabu. Wameacha kasia, wavu, chungu, na wajukuu wanaojua kusoma na kuandika. Kazi ya daftari sasa ni ya wajukuu.